Kuchagua zana za kuandikia programu za roboti kwa timu ya wanafunzi

Timu nyingi huanza na swali la lugha: bloku (amri za picha zinazopangwa kwa kuburuta), Python, Java au C++? Swali hilo liacheni mwisho. Lugha zote hizo zinaweza kuendesha mota nne na kusoma vihisi vitatu, na roboti nyingi za wanafunzi hazidai zaidi ya hapo. Kinachozitofautisha timu ni mzunguko wa kazi: mwanafunzi anabadilisha mstari mmoja, anaupeleka kwenye roboti, anaona kilichotokea, anarudia.

Pigeni hesabu. Tuseme katika mazoezi yenu dakika 45 ni za kujaribu uwanjani, na kila jaribio roboti hutembea nusu dakika. Zana inayopakia msimbo kwa nusu dakika inawapa majaribio 45. Zana inayochukua dakika tatu inawapa 12. Timu ya kwanza itakuwa imeshajua kwa nini roboti inapinda kushoto wakati ya pili bado inakisia, hata kama ya pili inatumia lugha yenye sifa kubwa zaidi.

Kwa hiyo zana inayotafutwa ni ile inayoruhusiwa na kanuni, inayokubali kompyuta mlizonazo bila kutegemea intaneti, na ambayo mzunguko wake ni mfupi kiasi kwamba mwanafunzi hachoki kujaribu tena.

Kanuni za mashindano huamua mengi

Mashindano makubwa yamekwisha kuwachagulia kidhibiti, yaani kompyuta ndogo ya roboti, na kidhibiti kikijulikana, orodha ya zana hubaki fupi. Someni kitabu cha kanuni cha msimu wenyewe, si cha mwaka uliopita, na mtafute sehemu mbili: programu zinazoruhusiwa, na mawasiliano yasiyo na waya wakati wa mechi.

Katika FIRST LEGO League timu nyingi hutumia seti ya LEGO ya SPIKE Prime, na nyingine bado zina ile ya zamani ya EV3, ambayo LEGO iliacha kuiuza mwaka 2021. Programu ya LEGO Education SPIKE ina bloku zilizojengwa juu ya Scratch, na ina Python. Kwenye Python pana mtego unaopoteza wiki nzima: toleo la 2 na toleo la 3 la programu hiyo hayaelewani. Mfano ulioandikwa kwa toleo la 2 ukinakiliwa kwenye la 3 hautembei, na wanafunzi hudhani kosa ni lao. Angalieni mstari wa kwanza wa mfano wowote mnaoupata. `from spike import` ni toleo la 2. Mistari kama `import runloop` na `from hub import port` ni toleo la 3. `from pybricks` ni zana nyingine kabisa.

Hiyo Pybricks inafaa kuangaliwa na timu iliyokwisha kuzoea Python. Mnaondoa programu dhibiti (firmware) ya LEGO kwenye kidhibiti na kuweka yake, mnaandika kwenye kivinjari cha Chrome au Edge, na msimbo unakwenda kwa Bluetooth kwa sekunde chache. Faida yake kubwa ni `DriveBase`, sehemu ya kuendesha magurudumu, ambayo mkiiambia `use_gyro(True)` hutumia jairoskopu (kihisi cha kugeuka) kunyoosha mwendo na kupima kona. Timu nyingi huandika kitu hicho wenyewe kwa miezi na bado hakikai sawa. Python ya Pybricks ni bure. Bloku zake ni za kulipia. Programu dhibiti ya LEGO inaweza kurudishwa wakati wowote, kwa hiyo jaribio halina hasara.

FIRST Tech Challenge (FTC) hutumia kidhibiti cha Control Hub cha REV, na zana ni tatu: Blocks, OnBot Java na Android Studio. Mbili za kwanza hazihitaji kusakinishwa. Mnaunganisha laptopu kwenye Wi-Fi ya Control Hub, mnafungua kivinjari kwenye anwani 192.168.43.1:8080, na mnaanza kuandika. Hata kompyuta dhaifu inatosha. Kumbukeni tu kwamba laptopu iliyo kwenye Wi-Fi ya roboti haina intaneti, kwa hiyo maelezo mnayoyahitaji yapakueni mapema.

OnBot Java ina tabia moja ambayo ni lazima timu iijue kabla ya kuichagua: hukompaili (hugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) faili zote kwa pamoja. Mwanafunzi mmoja akisahau nukta mkato katika faili yake ya majaribio, hakuna faili ya mtu yeyote itakayojengwa. Kwa waandishi wawili hilo linavumilika. Kwa watano ni ugomvi wa kila siku. Jambo la pili ni kwamba faili hukaa ndani ya Control Hub yenyewe; ikiharibika au ikifutwa, msimbo umekwenda nayo. Pakueni nakala kila mwisho wa mazoezi.

Android Studio ni ya timu yenye waandishi watatu au zaidi, wanaotaka Git (zana ya kutunza matoleo ya msimbo) na maktaba za nje, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, kama Road Runner. Inadai kompyuta yenye RAM ya GB 8 kwa uchache. GB 16 ndiyo raha yake. Mradi wa kwanza hupakua vifurushi vingi kabla ya kujenga chochote, kwa hiyo usifunguliwe kwa mara ya kwanza siku ya mazoezi. Baada ya hapo si lazima kebo: `adb connect 192.168.43.1:5555` huunganisha kompyuta na Control Hub kwa Wi-Fi.

Kwa FIRST Robotics Competition, njia ya kawaida ni WPILib (maktaba ya roboti za mashindano hayo) ndani ya kihariri cha VS Code, kwa Java, C++ au Python; Python iliingia rasmi msimu wa 2024. Kama timu ni mpya na hakuna mtu wa karibu anayejua C++ vizuri, chukueni Java. Sababu ni ya kiutendaji tu: mifano na maktaba za watengenezaji wa mota huandikwa kwa Java kwa wingi, na kosa la kumbukumbu katika C++ huangusha programu bila kueleza kosa liko wapi. Matoleo ndiyo huumiza zaidi hapa. WPILib, programu ya roboRIO (kidhibiti cha mashindano hayo) na maktaba za watengenezaji vyote hubadilika kila mwaka, na lazima viwe vya mwaka mmoja. Mradi wa mwaka jana huingizwa kwa kifaa cha WPILib cha kuagiza miradi. Kuunakili folda kwa folda hakutoshi. Pia kitanzi kikuu cha roboti huzunguka kila milisekunde 20. Mkiona ujumbe wa "Loop time of 0.02s overrun", kuna kitu ndani ya kitanzi kinachochelewesha, mara nyingi ni kuchapisha maandishi mengi kwenye skrini au picha ya kamera kuchakatwa mle mle.

VEX V5 ina VEXcode kwa bloku, Python na C++, ipo pia kama kiendelezi cha VS Code, na kuna PROS ya C++ iliyoanzishwa na wanafunzi wa Purdue. VEXcode inatosha kwa msimu wa kwanza na wa pili. PROS huanza kulipa pale timu inapotaka kazi kadhaa ziende sambamba, kwa mfano kupima mahali roboti ilipo huku mkono ukinyanyuka. Kidhibiti chake, V5 Brain, kina nafasi 8 za programu. Zitumieni kwa mpango: nafasi ya 1 iwe programu ya mechi iliyothibitishwa, na majaribio yaanzie nafasi ya 5. Timu zinazopakia kila kitu nafasi ya 1 huingia uwanjani na programu ya kupima mota.

Mashindano ya RoboCupJunior, na kundi la Future Engineers la World Robot Olympiad, huwaachia timu uhuru mkubwa wa kuchagua kibao (bodi ya kielektroniki inayoendesha roboti). Future Engineers hudai pia msimbo wenu uwekwe wazi kwenye GitHub, hivyo Git huko inaingia kwenye orodha ya zana tangu siku ya kwanza.

Kompyuta mlizonazo, si mnazozitamani

Tengenezeni orodha ya kompyuta zote ambazo timu itazitumia kweli. Kwa kila moja andikeni mfumo, ukubwa wa RAM, nafasi iliyobaki kwenye diski, kivinjari, na kama kuna anayejua nenosiri la msimamizi. Hilo la mwisho ndilo hukwamisha zaidi kuliko RAM. Laptopu ya shule isiyoruhusu kusakinisha draiva haitaongea na kibao chenye chipu ya USB ya CH340, hata kama Arduino IDE (programu ya kuandikia vibao vya Arduino) yenyewe imekubali kuingia.

Chromebook hufaa kwa zana za kivinjari: SPIKE, Pybricks, VEXcode, MakeCode, Blocks na OnBot Java. Zana za kivinjari zinazoongea na kifaa kwa USB au Bluetooth hutegemea uwezo uliomo kwenye Chrome na Edge. Mkifungua kwa Safari, kitufe cha kuunganisha hakitafanya kazi, na hakuna kebo itakayotibu hilo.

Kompyuta ya RAM GB 4 ni sawa kwa Thonny (kihariri cha Python), Arduino IDE na zana zote za kivinjari. Msiipe Android Studio. Itafunguka, ila mzunguko wa kazi utakuwa wa dakika nyingi, na hapo tumerudi kwenye majaribio 12.

Lengo zuri ni laptopu moja kwa kila waandishi wawili, na moja ya akiba iliyosakinishwa kila kitu na kupimwa kwenye roboti. Akiba ambayo haijawahi kupakia msimbo si akiba.

Bloku au maandishi

Bloku haziaibishi. Timu ya umri wa miaka 10 hadi 13 inayojua bloku zake vizuri hushinda timu ya umri huohuo inayohangaika na mabano ya Java. Hamieni kwenye maandishi mnapoona dalili hizi: programu moja imezidi skrini tatu, rundo lilelile la bloku limenakiliwa sehemu tatu au zaidi, au wanafunzi wawili wanataka kufanya kazi kwa wakati mmoja. Dalili ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, maana faili za bloku haziunganishwi kwa Git kama maandishi. Mtu mmoja huishika faili, wengine husubiri.

Kabla ya kuhama, tumieni bloku za kujitengenezea. Rundo la "nenda sentimita kadhaa" lenye kigeu kimoja cha umbali hufundisha funksheni bila sarufi mpya, na wanafunzi waliozoea hivyo huvuka kwenda Python kwa urahisi. Blocks ya FTC na VEXcode huonyesha msimbo wa maandishi unaotokana na bloku. Uwekeni wazi pembeni wiki kadhaa ili macho yauzoee. Kugeuza mradi wa bloku kuwa wa maandishi huko ni njia ya kwenda tu, haina kurudi, basi geuzeni nakala. MakeCode ya micro:bit inaruhusu kwenda na kurudi, na ni mahali pazuri pa mpito kwa wadogo.

Msihame katikati ya msimu. Tengeni wiki sita hadi nane baada ya mashindano, na kazi ya kwanza iwe kuandika upya programu ambayo tayari ilifanya kazi kwenye bloku. Hapo mwanafunzi anajifunza lugha peke yake, si lugha na tatizo jipya kwa pamoja.

Mnapojichagulia kibao

Huku ndiko kwenye uhuru mwingi na makosa mengi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Arduino Uno R3 ina hifadhi ya KB 32 na RAM ya KB 2, kwa kasi ya MHz 16. Ni kibao kigumu, kinavumilia volti 5, na mifano yake imejaa kila mahali. KB 2 hizo huisha haraka kuliko mnavyodhani. Kila sentensi ya kuchapisha kwa `Serial.print("...")` hukaa kwenye RAM, na RAM ikijaa roboti hujiwasha upya au vigeu hubadilika vyenyewe bila ujumbe wowote. Fungeni sentensi hizo kwa `F("...")` zibaki kwenye hifadhi kuu.

Mambo mengine ya Uno ambayo hayaonekani hadi yawafike:

Maktaba ya Servo huzima `analogWrite`, amri ya kupanga kasi ya mota, kwenye pini 9 na 10. Mota iliyokuwa inakwenda vizuri inaacha kutii siku mliyoongeza mkono wa servo. Hamisheni mota kwenye pini 3, 5, 6 au 11.

Kigeu cha `int` kina biti 16 na kikomo chake ni 32,767. Chukueni mota yenye enkoda (kihisi kinachohesabu mzunguko wa mota) ya hesabu 44 kwa mzunguko mmoja na gia ya 1:30. Gurudumu likizunguka mara moja, enkoda imehesabu 1,320. Baada ya mizunguko 24 na ushei kigeu kinafurika na kuwa hasi. Kwa gurudumu la kipenyo cha sentimita 6.5, hiyo ni kama mita 5. Roboti inatembea vizuri mezani, kisha uwanjani inageuka ghafla na kurudi. Tumieni `volatile long`, na mnaposoma thamani hiyo nje ya funksheni ya enkoda zimeni kwanza ukatizaji (interrupt) kwa `noInterrupts()` kisha mwuwashe tena, kwa sababu kibao hiki husoma baiti moja moja na enkoda inaweza kuibadilisha namba katikati ya kusomwa.

`delay(2000)` husimamisha kila kitu. Roboti iliyo ndani ya `delay` haioni ukuta. Fundisheni `millis()`, inayosoma saa bila kusimamisha roboti, mapema, wiki ya pili hivi, kabla tabia haijakomaa.

Ujumbe wa `stk500_recv(): programmer is not responding` unapotokea, angalieni kwa mpangilio huu: poti iliyochaguliwa, aina ya kibao, kisha kama kuna waya kwenye pini 0 na 1, ambazo ndizo njia ya kupakia msimbo. Kwa Nano nyingi za bei nafuu, chagueni "Old Bootloader" kwenye menyu ya kichakataji (Processor). Na kabla ya hayo yote, badilisheni kebo. Kebo nyingi za USB ni za kuchaji tu, hazina nyaya za data. Mkishaipata kebo nzuri ifungeni utepe wa rangi.

Raspberry Pi Pico, kwa MicroPython (Python ya vibao vidogo) na Thonny, ndiyo tunayopendekeza kwa timu mpya inayotaka maandishi. RAM ni KB 264, na mzunguko wa kazi ni mfupi kuliko wote: hakuna kukompaili, mnabonyeza kitufe na msimbo unakwenda. Kuiandaa ni kushikilia kitufe cha BOOTSEL huku mkichomeka USB, kisha kuvuta faili ya UF2 ya MicroPython kwenye diski inayojitokeza. Kuna makosa mawili ya kawaida. La kwanza ni kuhifadhi programu kwa jina lolote, ikafanya kazi ikiwa kwenye kompyuta, na isianze kabisa kwa betri. Programu yenu ipeni jina la `main.py` ili ijiendeshe yenyewe, na ihifadhiwe kwenye Pico, si kwenye laptopu. La pili ni umeme. Pini za Pico ni za volti 3.3. Kihisi cha umbali cha HC-SR04 hurudisha volti 5 kwenye pini yake ya Echo, kwa hiyo wekeni rezista ya kiloomu 1 kutoka Echo hadi pini ya Pico, na ya kiloomu 2 kutoka pini hiyo hadi ardhi. Volti zitashuka hadi 3.3.

ESP32 ina nguvu zaidi na Wi-Fi ndani yake, nzuri kwa kutuma takwimu kwenye skrini roboti ikitembea. Kwenye ESP32 ya asili, pini 34 hadi 39 ni za kupokea tu. Haziwezi kuendesha mota. Pini za analogi za kundi la ADC2 hugoma Wi-Fi ikiwa imewashwa. Pangeni pini kwenye karatasi kabla ya kushika chuma cha kulehemu.

Raspberry Pi kamili, ile yenye Linux, ichukueni kwa sababu moja: kamera. Kwa kufuata mstari na kukwepa ukuta inawaongezea matatizo. Huchukua muda kuwaka, kadi yake ya kumbukumbu inaweza kuharibika umeme ukikatwa ghafla, na Linux haiahidi kwamba mota itapata amri kwa wakati. Mpangilio unaofanya kazi ni Pi kutazama na kuamua, na Pico au Arduino kuendesha mota, viwili vikiongea kwa waya wa serial kwa ujumbe mfupi kama `L40 R55`. Kibao cha mota kikikosa ujumbe kwa milisekunde 200, kisimamishe mota chenyewe.

ROS 2, mfumo mkubwa wa programu za roboti, tunaiacha nje kwa timu nyingi za shule. Ni zana nzuri ya chuo na kiwandani, ila itakula msimu mzima kabla gurudumu halijazunguka.

Wanafunzi huuliza kama Python ni ya polepole mno. Jibu liko kwenye mwendo wa roboti. Roboti inayokwenda sentimita 50 kwa sekunde, ikiwa na kitanzi cha milisekunde 20, husogea sentimita 1 kati ya uamuzi mmoja na mwingine. MicroPython inaweza hilo bila shida. Kitanzi kikiwa cha milisekunde 100, ni sentimita 5, na mstari umeshapotea. Pimeni muda wa kitanzi chenu kwanza. Mara nyingi mchelewaji ni `print` au kihisi kinachosubiri mwangwi, si lugha. Pahali ambapo Python hushindwa kweli ni kuhesabu enkoda za kasi. Mota ya mfano wetu wa juu, gurudumu likizunguka mara 200 kwa dakika, hutoa hesabu 4,400 kwa sekunde, na magurudumu mawili 8,800. Kwenye Pico kazi hiyo ipeni sehemu yake ya PIO, ambayo huhesabu bila kukisumbua kichakataji.

Jaribio la saa moja

Kabla ya timu kukubaliana, chukueni wanafunzi wawili ambao hawajawahi kutumia zana husika. Wapeni laptopu ya kawaida ya timu, kidhibiti, mota moja, kihisi kimoja na saa. Intaneti izimwe. Mwalimu au mlezi akae pembeni na asishike panya.

1. Sakinisha zana kutoka kwenye flashi. Dakika 15.
2. Zungusha mota kwa sekunde 2, isimame. Dakika 10.
3. Onyesha thamani ya kihisi kwenye skrini, ikibadilika. Dakika 10.
4. Badilisha kasi ya mota kwenye mstari mmoja, pakia, ona. Pimeni muda huu mara tano na mwandike wastani.
5. Mlezi aingize kosa moja kwa siri: jina la kigeu lililokosewa herufi. Wanafunzi walitafute kwa kusoma ujumbe wa kosa.
6. Chomoa kompyuta, anzisha programu kwa kitufe na betri.
7. Hamisha mradi kwenye laptopu ya pili na uupakie kutoka huko.

Hatua ya 4 ikiwa chini ya sekunde 30, vizuri sana. Ikizidi dakika 2, tafuteni sababu au zana nyingine. Hatua ya 5 huonyesha kitu ambacho matangazo ya zana hayasemi: ujumbe wa kosa unaotaja namba ya mstari humwongoza mwanafunzi, na ule unaomwaga kurasa mbili za maandishi humfanya amwite mlezi. Hatua ya 7 ikishindikana, timu yenu inategemea laptopu moja, na ni bora mjue leo.

Fanyeni jaribio hilo kwa zana mbili zilizobaki kwenye orodha, si sita.

Simuleta zinaweza kusaidia hatua za mwanzo pale roboti ni moja na wanafunzi ni kumi. Wokwi huiga Arduino, ESP32 na Pico, VEXcode VR na Webots huiga roboti nzima, na WPILib ina simuleta yake. Ziaminini kwa mantiki ya programu. Msiziamini kwa utelezi wa magurudumu, betri iliyochoka wala mwanga wa ukumbini.

Kuutunza msimbo

Timu ya maandishi itumie Git, hata ikiwa na mwandishi mmoja. Git haihitaji intaneti. Flashi iliyoandaliwa kwa `git init --bare` inaweza kuwa ghala la timu, kila laptopu ikichukua na kurudisha humo. Kanuni zinazotosha ni chache: tawi la `main` hubeba msimbo uliokwisha kutembea kwenye roboti tu; kila kazi hufanyika kwenye tawi lake; na kila programu iliyofanya vizuri uwanjani hupewa alama ya `git tag` yenye tarehe. Jioni ya mashindano, alama hiyo ndiyo huwaruhusu kurudi nyuma kwa sekunde kumi.

Timu ya bloku hutumia majina. Kitu kama `2-kona-kulia_v07_mechi` kinatosha, kukiwa na mtu mmoja mwenye jukumu la kunakili faili kwenye flashi kila mwisho wa mazoezi.

Vifaa vya akili mnemba vinavyoandika msimbo vitawaletea mchanganyiko wa matoleo tuliousema juu: nusu ya SPIKE 2, nusu ya SPIKE 3, yote yakionekana sahihi. Kama kanuni zenu zinaviruhusu, mwanafunzi aeleze kila mstari kabla haujaingia kwenye `main`. Majaji wengi huuliza maswali ya msimbo, na humuuliza mwanafunzi, si mlezi.

Kufunga matoleo

Wiki mbili kabla ya mashindano, hakuna kusasisha chochote isipokuwa waandaaji wameamuru. Zimeni usasishaji wa Windows kwa muda, na mkatae ombi la Arduino IDE la kusasisha maktaba. Wanaotumia PlatformIO (zana nyingine ya kuandikia vibao) waandike namba ya toleo la kila maktaba kwenye `platformio.ini`, ili laptopu zote zijenge kitu kilekile. Programu dhibiti ya vidhibiti vyote, pamoja na cha akiba, iwe ya toleo moja. Kidhibiti cha akiba chenye toleo la zamani hukataa programu wakati mbaya kuliko wote.

Andikeni ukurasa mmoja na kuubandika ndani ya kifuniko cha sanduku la roboti: jina na toleo la kila zana, anwani ya roboti, nenosiri la Wi-Fi yake, orodha ya poti na kilichochomekwa, na jina la tawi au alama ya programu ya mechi. Kwenye flashi mbili tofauti wekeni visakinishi vyote, draiva, programu dhibiti, maelezo ya maktaba yanayosomeka bila intaneti, na nakala ya mwisho ya msimbo. Ongezeni kebo mbili za data zenye utepe. Asubuhi ya siku hiyo, kabla ya mechi ya kwanza, laptopu ya akiba ipakie programu ya mechi mara moja na roboti itembee nayo.